Komeo la Banda la Lisekese

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Masasi
Kuhusu: kifo cha Sijaona Abdulkadiri Mchopa
Jina la shahidi: Rukaiya Saidi Namkoko
Umri: miaka 34
Dini: Mwislamu
Kazi: mkulima wa korosho
Makazi: Lisekese, Masasi
Tarehe: 17 Agosti 2001, saa 3:20 asubuhi
Mwandishi wa maelezo: Sajenti Cuthbert

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu. Hii ni mara ya pili naandikwa. Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne tarehe 14, nikiwa nimekaa chini mbele ya banda, na niliyoyasema siku ile hayakuwa kamili. Afande ameniuliza kwa nini nimetoka ndani nami niko eda, tena leo ni siku ya nne tu. Najua sipaswi kuwa hapa. Nimepita njia ya mashambani nimejitanda kanga mbili, na bado wanawake wawili wa kisimani wameniona na wamesema waliyosema. Waseme tu. Hili langu haliwezi kungoja miezi minne na siku kumi.

Marehemu ni mume wangu, fundi wa magari. Tuliishi miaka kumi na miwili na Mungu alitupa mtoto mmoja, Zena, miaka tisa. Kazi zake alifanyia nyumbani, kwenye banda alilojenga mwenyewe: ukuta wa matofali, paa la bati, mlango wa chuma wa mabawa mawili unaofungukia nje, na komeo la nondo upande wa nje. Dirisha hakuweka kwa kuogopa wezi wa spana. Sakafu ya banda ni ya saruji. Nyumba tunayolala ni ya udongo, kwa hiyo kila kitu kisichotaka unyevu kilikaa bandani, pamoja na salfa yangu ya mikorosho.

Wewe afande si wa huku, basi nieleze. Salfa ni ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho ikitoa maua, isiharibiwe na ugonjwa wa ubwiri. Hupulizwa kwa mashine ya mgongoni yenye injini, alfajiri, umande ukiwapo na upepo haujaamka. Mashine ya jirani ikinguruma, kila nyumba inafunga milango na kufunika maji, maana unga ule unaingia kokote na unawasha macho. Hapa kwetu hakuna anayefundishwa jambo hilo. Unafunga kwanza, kufikiri kunakuja baadaye.

Mnamo mwezi wa Desemba mwaka jana, Abdulrazaki alileta gari nyumbani. Huyu ni mdogo wa marehemu, baba mmoja mama mmoja. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho, yeye anazunguka Makote na Mnyambe na vijiji vyote vya Newala akinunua, na huku Lisekese anafikia kwa mama yao, Bi Bimdogo. Gari lilikuwa la Kijapani, jekundu, dogo, milango miwili, amelitoa Dar, na lilikuwa na tabo. Tabo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa ekzosi. Kinasukuma hewa kwenye injini, na gari dogo linapata nguvu zisizo za saizi yake. Hayo nayajua kwa sababu ni mimi niliyekuwa nashika taa. Lilikuja linavuja oili kwenye tabo. Abdulrazaki akasema, "Kaka, litibu. Baada ya wiki mbili nalifuata."

Uvujaji ule marehemu aliuziba kwa siku tatu. Kisha akaliwasha, akalizungusha mpaka barabara kuu na kurudi, na aliporudi hakuwa mtu yule aliyetoka. Wiki mbili zikawa miezi minane. Alitoa boksi la kuchujia hewa ili tabo ivute bila kuzuiwa. Akakata silensa, akaunga bomba la maji la inchi mbili na nusu. Rejeta ya kupoza hewa akaitengeneza kwa rejeta ya lori bovu. Asubuhi moja karabai yangu haikuwa na funguo, nikaitafuta nyumba nzima, nikaja kuiona kwenye mpira wa tabo, ameifanya ndiyo ya kupunguzia na kuongezea presha. Pembeni ya usukani alifunga geji ya kupimia upepo wa matairi. Nilimwambia, "Baba Zena, kesho utachukua sufuria." Akasema sufuria ni nzito mno.

Niseme na hili, ingawa hukuniuliza. Mwezi wa Mei alinipakia tukaenda nalo Newala. Tulipofika kwenye mlima wa kupandia uwanda wa juu, pale malori yanapopanda huku yanalia, aligeuza ile funguo ya karabai nusu mzunguko, akasema, "Mama Zena, shika mlango." Nilicheka mpaka machozi. Juu akazima, tukakaa tunaangalia bonde la Ruvuma chini kule. Akasema, "Hili silirudishi." Nikamwambia si lako. Akasema, "Bodi si langu. Injini nimeizaa mimi." Nilipaswa kumkemea siku ile. Sikumkemea kwa sababu nilikuwa na furaha.

Mwezi wa Julai alianza jambo jipya. Alisema ukiondoa mguu kwenye mafuta tabo inalala, na yeye hataki ilale. Akachelewesha moto wa plagi na kuongeza mafuta, ili mengine yawakie nje, ndani ya ekzosi, tabo iendelee kuzunguka. Tangu hapo gari likawa linapiga pa, pa, pa, na moto wa urefu wa mkono unatoka nyuma. Kwa ajili hiyo alikuwa analiingiza kwa pua, mkia mlangoni, na haliwashi mpaka mabawa yote yawe wazi. Salfa yangu, mifuko mitano, ilikuwa imeegemezwa ukutani pale pale pembeni ya bawa la kulia, maana kule mbele alihitaji nafasi ya jeki. Nilimwambia mara mbili aihamishe. Alinijibu, "Moto unatoka nje, salfa iko ndani. Vinakutana wapi?" Na kweli mlango ukiwa wazi havikutani.

Jumatatu tarehe 13 Agosti, saa kumi jioni, Abdulrazaki alikuja. Aliamkia vizuri, "Shikamoo kaka," akaitikiwa marahaba. Kisha akalizunguka gari lake taratibu, akainama kutazama lile bomba la maji, akafunua boneti. Alisema, "Nilikupa ulitibu. Umelichinja." Marehemu akamwomba asikilize kwanza, aliwashe, alipandishe mlima mmoja tu. Abdulrazaki akanyoosha mkono, "Nipe funguo." Marehemu akasema halijaisha.

Abdulrazaki aliokota spana ya magurudumu akavunja kioo cha mbele. Marehemu akamkamata kiuno. Wakaanguka. Abdulrazaki ana mwili kuliko kaka yake, akawa juu, akampiga ngumi za uso bila kuchagua pa kupiga. Kisha akamnyanyua kwa nywele akamgonga paji la uso kwenye madigadi ya gari mara tatu. Nilihesabu, maana kila mara bati lilibonyea na kurudi. Mimi nilimvuta shati, akanipiga kiwiko. Jino hili hapa, tazama afande, limekatika siku hiyo. Sijui alijua ni mimi au hakujua, lakini hakugeuka kutazama.

Watu walikuja kuamua. Aliyemtoa ni jirani yetu Christopher, Baba Ethel, ambaye shamba lake linapakana na ua wetu. Abdulrazaki akiwa ameshikwa alisema kwa sauti, na watu wasiopungua kumi walisikia: "Kesho nakuja na mtu wa kulivuta. Nikikuta umelificha nakuua, na nakuchoma nalo." Akaondoka na spana yetu mkononi. Mimi nikamwaga mchanga juu ya damu ya mume wangu pale kwenye saruji.

Jioni nilimkanda kwa maji ya chumvi. Jicho la kushoto lilikuwa limeziba kabisa na la kulia limebaki kama ufa. Kwenye paji palikuwa na jeraha la kushonwa, lakini alikataa kwenda hospitali hapo hapo, akasema atakwenda alfajiri. Alivuta turubai akalifunika gari pale penye kioo kilichovunjika. Tukalala. Hakusema kitu cha maana ila kuniuliza kama jino linauma.

Jumanne tarehe 14, saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri, niliamka nikakuta nafasi yake mkekani iko tupu. Nikajua amekwenda kushonwa, kama alivyosema. Kumbe alitoka usiku akaenda kulala ndani ya gari, chini ya turubai, alilinde. Hilo sikulijua. Hakuniaga.

Saa kumi na mbili hivi mashine ya salfa ya Baba Ethel ikanguruma, hatua thelathini kutoka kwetu. Nikafanya anachofanya kila mtu. Nilifunika mtungi. Nikakusanya makopa ya muhogo yaliyoanikwa. Nikafunga madirisha. Kisha nikaliona banda, mabawa yote mawili wazi.

Hapa afande ameweka kalamu chini akanionya kwamba si lazima niendelee, na kwamba nitakachosema kinaweza kutumika juu yangu mahakamani. Nimemsikia. Nimemwambia ashike kalamu.

Nilifunga mlango wa banda mimi. Bawa la kulia, kisha la kushoto, nikatia komeo. Sikuingia, sikuita. Nilisema moyoni, huyu naye kaenda zake kaacha wazi, na injini haina chujio, salfa ya watu ikiingia humo mchana nitakula kelele mimi. Nililifunga kwa ajili ya injini yake. Andika hivyo, afande, usinisafishie.

Nikaingia jikoni kukoka moto wa uji. Zena alikuwa amekaa kwenye kinu. Mlango wa jikoni nao nilikuwa nimeufunga kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo uani sikuwa naona kitu. Baada ya muda mfupi nikasikia gari limewaka. Afande ananiuliza nilifikiri nini. Nilifikiri amerudi, amefungua mlango, anataka kulihamisha kabla mdogo wake hajafika. Alivyokuwa, na macho yale, nadhani aliwasha bila kuona kwamba nyuma yake kumefungwa. Likaanza kupiga, pa, pa, pa. Nikamwambia Zena, "Leo baba yako amelipatia." Mtoto akacheka.

Likaendelea kupiga. Mashine ya Baba Ethel ilikuwa inalia, sauti nyingine huwezi kuichambua. Mimi nakoroga uji. Mara Baba Ethel akazima mashine ili ajaze unga. Kukawa kimya. Gari halingurumi, limeshazimika, lakini kule bandani bado kunapiga. Pa. Pa. Ekzosi haipigi injini ikiwa imezimwa. Mke wa fundi hilo analijua. Nilitupa mwiko.

Salfa ikiwaka haitoi moto wa kuonekana kama wa kuni. Nilichoona ni moshi mweupe kwenye tundu la mlango, na ule ukali ukanikaba koo kabla sijafika. Alikuwa anapiga mlango kwa mpini wa jeki. Nilishika komeo kwa mkono wa kulia. Chuma kilikuwa cha moto na mlango ulikuwa umevimba, hakikutoka. Nikavuta tena kwa mkono ule ule. Kilipotoka, mabawa yakasukumwa, akaniangukia. Salfa iliyoyeyuka ilikuwa imemshika magotini na mikononi, inawaka bluu, ngozi inakuja na kitambaa. Nilimzima kwa kanga yangu na kwa mchanga. Kifua kilikuwa kinavuta hakipati. Aligeuza kichwa kunitazama kwa lile jicho lenye ufa. Koo lilikuwa limekwisha.

Watu walijaa. Baba Ethel alikuja mbio na mashine bado iko mgongoni. Akatazama mlango, akatazama nondo iliyokuwa chini, akaniuliza, "Mama Zena, komeo lilikuwa limetiwa kwa nje?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na nani?"

Nilikuwa nimefumba kiganja. Nikasema, "Jana Abdulrazaki alisema atamchoma."

Nimelifikiri jibu lile siku tatu. Halina neno hata moja la uongo, na ndiyo maana nalichukia.

Abdulrazaki hawakwenda kumtafuta. Alikuja mwenyewe. Aliona moshi kutoka kwa mama yake, akaja kifua wazi, kabeba debe la mchanga begani. Alikuwa anasema, "Kaka yuko wapi? Kaka yuko wapi?" Baba Ethel alimpiga kwanza, kwa bomba la mashine ya salfa, mdomoni. Debe likaanguka. Wakamvamia wote. Walimpiga kwa mipini ya majembe, kwa mawe, kwa matofali ya banda letu wenyewe. Mkono wake wa kulia niliuona unapinda pasipo na kiungo. Mmoja aliinua lile debe tupu akampiga nalo usoni mpaka likakunjika. Mwingine akaleta petroli ya gari kwenye kopo. Wakasema achomwe kama alivyochoma. Yeye hakuwa anajitetea. Alikuwa anatambaa kuelekea pale alipolala kaka yake, na kila akisogea wanamrudisha kwa miguu.

Mimi nilikuwa na sauti. Moshi haukuniharibu koo kiasi hicho. Nilikaa nimempakata mume wangu nikatazama. Nilikuwa na hasira ya jino, na hasira ya paji lile la uso, na hofu ya Zena kuniangalia siku moja na kujua. Nikaona basi, apigwe, si ndiye aliyeyaanza.

Aliyemwokoa ni mama yao. Bi Bimdogo alifika na fimbo yake, akajilaza juu ya mwanawe. Alipigwa mgongoni mara mbili kabla hawajamtambua. Petroli ilimwagika kwenye kanga yake, na aliyeshika kiberiti akakitia mfukoni. Akakaa vile mpaka gari lenu likafika.

Mume wangu alifariki hospitalini saa tano asubuhi. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mimi nilikuwa ndani, lakini nilipelekewa habari ya kila kitu. Walioshuka kaburini kumpokea ni imamu na wanaume wawili wa mtaa wa pili. Ndugu yake wa tumbo moja hakuwapo kumlaza.

Jana Alhamisi, baada ya magharibi, Bi Bimdogo alikuja kunibadilisha kitambaa cha mkono. Siku zote alibadilisha binti wa jirani. Alikifungua, akakisogeza kiganja kwenye kibatari, akakaa nacho muda mrefu. Alisema, "Mama Zena, mtu akizima moto anaungua ovyo ovyo. Hapa pana mstari." Nikamwambia nilikuwa nafungua mlango. Akasema, "Kufungua nimekuelewa."

Akaufunga mkono upya, polepole, kwa kitambaa safi. Kisha akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilizaa wawili. Mmoja nimemzika. Huyu mwingine amefungwa mnyororo kitandani hospitali, na nasikia wiki ijayo wanampeleka Mtwara kwa kesi ya kuua. Sikuulizi kitu, mwanangu. Nakuhesabia tu wanangu." Akaniachia chakula, ming'oko, vile viazi vya porini, ambayo mimi naipenda na yeye anajua. Sikuigusa. Nilikaa na ile sahani mpaka adhana ya alfajiri.

Ngumi zilizomziba macho ni za Abdulrazaki, na kwa hilo ashitakiwe. Gari alilichokonoa marehemu mwenyewe, na mifuko ile mimi ndiye niliyeiweka mle bandani. Lakini mlango niliufunga mimi, na ulimi wangu ndio uliowaonyesha watu pa kupiga. Abdulrazaki hakuwapo. Mimi namjua ni mtu mkali, jino langu linamjua, lakini mlango ule hakuufunga.

Zena yuko kwa bibi yake. Nimemfungia nguo zake za shule. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Niliyoyaona na niliyoyatenda yanaishia hapa, na nimeyasema nikiwa na akili zangu.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la mkono wa kushoto) Rukaiya Saidi Namkoko

MAELEZO YA OFISA: Shahidi alianza saa 3:20 na kumaliza saa 5:45 asubuhi. Nimemsomea yote, amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Nilimwonya katikati kama ilivyoandikwa, akataka kuendelea. Anajua kuandika jina lake, ila ametia dole la kushoto kwa kuwa mkono wa kulia una jeraha la moto. Nimeliona: mstari mmoja ulionyooka kukatisha kiganja, upana wa nondo iliyohifadhiwa kama kielelezo. Shahidi amebaki kituoni.

Saa 7:10 mchana nilikwenda wodini kumjulisha Abdulrazaki Abdulkadiri Mchopa na kumfungua mnyororo. Taya lake limefungwa, anasema kwa shida. Nilimweleza habari ya komeo. Hakuiulizia. Aliuliza ni nani walioshuka kaburini kumpokea kaka yake. Nilimsomea sehemu hiyo ya maelezo haya, akaniomba nimsomee tena.

Sajenti Cuthbert, 17/8/2001